Fagio na Ukuta wa Mjomba

Kiwandani walimwita Fagio. Jina hilo alipewa na mhasibu, siku ambayo mhasibu alifungua kompyuta yake na kukuta nusu ya dashibodi zake zimehamishwa. "Yule dada si mtu, ni fagio," aliwaambia wenzake kwenye foleni ya chai, na kabla ya saa ya kutoka jina lilikuwa limeshuka ngazi, limepita kwenye matanuri na kufika getini kwa walinzi. Mwenye jina alilipokea kwa kicheko. Alisema afadhali kuitwa fagio kuliko kuitwa vumbi.

Kilikuwa kiwanda cha mikate. Chini kulikuwa na matanuri, meza za kukandia unga na ukumbi mrefu wa kupakia magari. Juu kulikuwa na ofisi. Harufu ya mkate ilipanda ngazi kila asubuhi bila kubisha hodi, na pamoja nayo ulipanda unga mwembamba uliotua kwenye meza, kwenye vikombe na kwenye nywele za watu. Fagio alikuwa na brashi ndogo ya rangi kwenye droo yake ya juu. Kazi yake ya kwanza kila siku ilikuwa kupangusa kibodi. Kazi yake ya pili ndiyo aliyoajiriwa kuifanya, na hiyo ilikuwa ngumu kidogo kueleza.

Mama yake, kwa mfano, alikuwa amekata tamaa ya kuielewa. Majirani walipomuuliza binti yake anafanya nini huko kwenye mikate, alijibu kwamba anachora. Majirani walidhani anachora maua kwenye keki. Kaka yake, ambaye alikuwa kinyozi na alipenda utani kuliko chakula, alimwuliza mara kwa mara kama ameshawahi kuoka hata andazi moja. Fagio aliwaeleza mezani, kwa subira, kwamba kiwanda kina programu inayokusanya takwimu kutoka kwenye matanuri, madukani na kwenye magari, kisha takwimu hizo huchorwa chati. Chati kadhaa zikipangwa kwenye ukurasa mmoja, ukurasa huo huitwa dashibodi. Mtu yeyote ofisini aliweza kutengeneza yake na kuihifadhi. Yeye alikuwa mlezi wa zote zilizohifadhiwa.

"Kwa hiyo unalea picha," alisema kaka yake.

"Nalea picha za watu wasiolea picha zao," alijibu, akaongeza mchuzi.

Na kweli hawakuzilea. Tatizo halikutokana na uzembe, lilitokana na adabu. Katika ofisi ile, kugusa chati ya mwenzako kulihesabiwa sawa na kufunua sufuria jikoni kwa watu. Kwa hiyo mtu aliyetaka kubadilisha rangi moja tu hakuthubutu kuibadilisha. Alitoa nakala ya dashibodi nzima, akabadilisha rangi, akahifadhi kwa jina jipya. Mwingine alikuja akatoa nakala ya nakala. Miaka ilipita, ghala la programu likajaa. Palikuwa na "Mauzo", "Mauzo Mapya", "Mauzo Mapya Halisi", "Mauzo Mapya Halisi Tumia Hii", na chini kabisa, kama mtu anayepiga kelele kutoka uvunguni, "Tumia Hii Siyo Ile". Kila nakala ilibeba vichujio vyake. Moja ilihesabu mikate midogo, nyingine haikuihesabu. Moja ilijumuisha maduka yaliyofungwa, nyingine iliyasahau hata yaliyo wazi.

Mambo yalifika ukingoni katika mkutano wa mwezi. Meneja mkuu, mama wa maneno machache aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani akikasirika, aliuliza swali jepesi: wiki iliyopita mikate mingapi imerudi kutoka madukani bila kuuzwa? Mkuu wa mauzo alifungua dashibodi yake akataja idadi. Mhasibu alikohoa, akafungua yake, akataja idadi nyingine. Msimamizi wa matanuri, ambaye hakupenda kupitwa, alitaja ya tatu. Wote watatu walikuwa na chati nzuri zenye rangi. Meneja alivua miwani.

Baada ya mkutano alimwita Fagio ofisini kwake na kumweleza bila kuzunguka. Mkataba wake wa muda ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Programu nayo ilikuwa inafika wakati wa kulipiwa upya. "Mkutano ujao nitauliza swali lilelile," alisema. "Nikipata jibu moja, programu inabaki na wewe unabaki, kwa ajira ya kudumu. Nikipata majibu matatu, tunakunja jamvi. Kila mtu arudi kwenye karatasi zake, na wewe tutaagana kwa amani."

Fagio alitoka pale roho ikiwa juu. Aliipenda kazi ile. Aliipenda kama wengine wanavyopenda kupanga kabati: raha ya kufungua mlango na kujua kila kitu kilipo. Nyumbani hakusema lolote kuhusu kuagana. Alisema tu kwamba mwezi huu atakuwa na shughuli nyingi, na mama yake akamwongezea kipande cha nyama bila kuuliza.

Basi akajifunga kibwebwe. Alianza kwa kuita kila mwenye dashibodi, mmoja mmoja, kwa ulimi wa asali. Kwa mkuu wa mauzo mambo yalikuwa rahisi, kwa sababu mkuu wa mauzo hakukumbuka kwamba zilikuwa zake. Alizitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi asiyoijua, akasema futa zote isipokuwa ile yenye bluu. Kwa mhasibu kulikuwa na mapambano. Kila dashibodi aliyoonyeshwa aliikumbuka, siku aliyoitengeneza na sababu yake. Fagio alikaa naye asubuhi nzima. Walilinganisha chati kwa chati, wakagundua kwamba nyingi zilikuwa jambo moja lililovaa nguo tofauti.

"Hii ni hii," Fagio alisema, akionyesha ya kushoto kisha ya kulia.

"Hapana. Ile ina mstari mzito."

"Mhasibu, ndugu yangu. Nikikuwekea mstari mzito kwenye hii, ile nayo iende zake?"

Mhasibu alifikiri. "Mzito kiasi gani?" aliuliza, na hapo Fagio akajua ameshinda.

Kidogo kidogo ghala likapungua. Aliweka utaratibu: kila dashibodi iwe na jina linaloeleweka, lebo ya idara, na mwenyewe mmoja. Chati ya mikate iliyorudi aliitengeneza moja, akakaa na wote watatu mpaka wakakubaliana nini kihesabiwe na nini kisihesabiwe, kisha akaipachika chati hiyohiyo kwenye dashibodi za wote, ili ikibadilika kwa mmoja ibadilike kwa wote.

Zilibaki dashibodi yatima. Hizi ziliachwa na watu walioacha kazi, na hapakuwa na wa kumwuliza. Fagio alizitafutia kanuni. Programu iliandika, pembeni ya kila dashibodi, mara ya mwisho ilipofunguliwa. Iliyofunguliwa majuzi aliiacha. Ambayo haijafunguliwa muda mrefu aliihamishia kwenye folda aliyoiita "Wastaafu", akasubiri kuona kama kuna atakayeilalamikia. Asipolalamika mtu, alitoa nakala ya akiba, kisha akaifuta. Programu ile haikuwa na pipa la taka, ukifuta, umefuta.

Miongoni mwa wastaafu hao ilikuwemo moja iliyoitwa "Majaribio Usiguse". Iliundwa na karani aliyekwishahama, na mara ya mwisho kufunguliwa ilikuwa mwaka uliopita. Ilikaa kwenye folda wiki baada ya wiki, hakuna aliyeiuliza. Ijumaa ya mwisho kabla ya mkutano, mchana, Fagio aliitazama kwa haraka. Chati kumi na kitu, majina ya kubahatisha, rangi zinazogombana. Nakala ya akiba hakuitoa. Ya nini, na yenyewe inajiita majaribio? Akabonyeza futa, pamoja na chati zake zote, akanyoosha mgongo kwa raha ya mtu aliyemaliza kufua.

Hakuimaliza raha hiyo. Kulisikika miguu mizito ikipanda ngazi, na mlangoni akasimama mkuu wa upakiaji, mtu mnene mwenye filimbi shingoni na unga kwenye nyusi. Kiwanda kizima kilimwita Mjomba, pamoja na wale waliomzidi umri. Mjomba hakuwa mtu wa kupanda juu. Wafanyakazi wa ofisini waliinua vichwa kama walioona gari sebuleni.

"Shikamoo, Mjomba," alisema Fagio.

"Marahaba. Nani amezima ukuta wangu?"

Hakuelewa mara moja. Mjomba akamweleza, kwa sauti iliyozoea kushindana na injini, kwamba kule chini kuna televisheni ukutani. Kwamba televisheni hiyo humwambia kila gari lipewe kreti ngapi na lielekee njia ipi. Kwamba dakika hii imekuwa nyeupe, imeandika kwamba kitu hiki hakipo. Na kwamba magari ya mzunguko wa mchana yamepanga foleni mpaka nje ya geti.

Sasa Fagio aliona jambo zima kwa mpigo. Karani yule, kabla hajahama, alikuwa ameifungua dashibodi yake kwenye televisheni ya chini, mara moja tu, akaondoka. Televisheni ilikuwa kwenye laini ya umeme ya matanuri, ambayo haizimwi kamwe. Takwimu zilijibadilisha zenyewe ukutani, kila siku, mbele ya macho ya watu, lakini kwa hesabu za programu hakuna aliyeifungua tena. Dashibodi iliyotazamwa kuliko zote kiwandani ndiyo iliyoonekana imekufa kuliko zote. Na yeye, mlezi, hakuwahi kushuka kwenda kuona.

"Ni mimi, Mjomba," alisema. "Nimeifuta sasa hivi. Nilidhani haitumiki."

Mhasibu, ambaye siku nyingine angekuwa ameshapata neno la kusema, alijifanya anatafuta kalamu.

"Haitumiki," Mjomba alirudia taratibu, kama anayeonja chumvi. "Mimi nimesimama chini yake mwaka mzima. Haya, irudishe."

"Hairudi. Ila takwimu zenyewe zipo, hazijapotea. Kilichopotea ni namna ya kuzitazama. Nikishuka nawe ukaniambia ulikuwa unatazama nini, nitaichora upya."

Mjomba alimtazama, akatazama dirishani foleni ya magari, akageuka kuelekea ngazi. Fagio alikumbatia kompyuta yake akamfuata mbiombio.

Alikuwa hajawahi kukaa kwenye ukumbi wa upakiaji zaidi ya kupita. Walimgeuzia kreti tupu akaketi, kompyuta mapajani, na kreti nyingine ikawa meza. Madereva walimzunguka. Mmoja aliuliza kama huyu ndiye Fagio; mwingine akajibu kwamba ndiye, na leo amefagia mpaka magari. Walicheka, lakini wenye haraka hawakucheka. Mmoja wao alikuwa akipiga honi kila alipokumbuka. Fagio alijikaza. Alimwomba Mjomba amweleze ukuta kama anavyomweleza mtu asiyeona.

Mjomba alifumba macho. Juu kushoto, alisema, kulikuwa na orodha ya magari. Fagio akaichora. Kando yake, kreti kwa kila njia. Akaichora hiyo pia. Chini, maduka yaliyoongeza oda tangu asubuhi, maana hayo ndiyo yanayoharibu mipango. Hapo walikwama kidogo, kwa sababu oda za maduka zilikuwa zinahesabiwa kwa mikate na Mjomba alifikiri kwa kreti, na aliyetaka kumsomesha hesabu nyingine wakati ule angekuwa anatafuta ugomvi. Fagio akazigawa kwenye programu, zikatoka kwa kreti.

"Na nyingine?" aliuliza. "Zilikuwa kumi na kitu."

Mjomba akafumbua macho. Kulikuwa na mviringo wa njano, alisema, lakini huo hakuwahi kujua ni wa nini. Kulikuwa na vijiti vya zambarau, ambavyo dereva mmoja aliamini ni hali ya hewa. Na kulikuwa na mstari mwekundu pembeni, uliokuwa ukipanda kila Ijumaa. Huo aliupenda. Ulipopanda aliwaambia vijana wake kampuni inaendelea vizuri.

Fagio aliyakumbuka majina ya chati zile, akauma mdomo. "Mjomba, ule mstari ulikuwa unahesabu majaribio ya karani. Kila Ijumaa alikuwa ameipangia programu ijitumie ujumbe wa kujipima."

Dereva wa honi ndiye aliyeangua kicheko kwanza, na baada yake ukumbi mzima. Mjomba alijaribu kukaza uso. Unga kwenye nyusi ulianza kutikisika, tumbo likafuata, mwisho akapangusa machozi kwa mgongo wa mkono. "Mwaka mzima," alisema. "Na mimi nawapongeza watu."

Dashibodi mpya ilikuwa na chati tatu tu. Kwa kuwa nafasi ilibaki, Fagio alizikuza herufi mpaka mtu aliye kwenye usukani aweze kuzisoma bila kushuka. Akasogeza ngazi ya fundi, akapanda mwenyewe kuifungua kwenye televisheni. Ukuta ulipowaka, Mjomba aliusoma kutoka juu hadi chini midomo ikicheza, akaweka filimbi mdomoni, akapuliza. Magari yakaanza kutoka.

Yalitoka yamechelewa, hata hivyo, na habari za kuchelewa zilifika kwa meneja kabla vumbi halijatulia. Mwisho wa juma Fagio alikuwa hana hamu ya chakula. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, safari hii bila kuficha kitu, pamoja na lile neno la kuagana. Hakuelewa mambo ya televisheni wala ya laini ya matanuri. Aliuliza jambo moja tu: alikiri kwamba ni yeye? Fagio akasema ndiyo, palepale. "Basi Jumatatu nguo yako nitakupigia pasi mimi," alisema mama yake. Kaka yake, kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile, hakutania.

Jumatatu Fagio aliomba kusema kabla ya ajenda. Alieleza alichofuta, kwa nini alikifuta na jinsi kanuni yake ilivyokuwa na tundu: ilihesabu waliofungua, haikuhesabu waliotazama. Hakujitetea. Akakaa.

Meneja aliuliza swali lake: mikate mingapi imerudi?

Mkuu wa mauzo alifungua yake akataja idadi. Mhasibu alifungua yake, akasogeza uso karibu, akataja idadi ileile. Msimamizi wa matanuri alitaja ileile pia, kwa unyonge kidogo, maana alikuwa amezoea kuwa na yake.

"Idadi yenyewe ni mbaya," alisema mkuu wa mauzo.

"Ni mbaya," alisema meneja, "lakini ni moja. Sasa naweza kukukasirikia kwa haki." Watu walicheka kwa tahadhari. Kisha akauliza kuhusu magari ya Ijumaa, na badala ya kumgeukia Fagio alifungua mlango na kumwita Mjomba, ambaye alikuwa amesimama nje kwenye korido, filimbi ikiwa mfukoni kwa heshima ya mkutano.

Mjomba hakutaka kiti. "Magari yalichelewa, na mimi nilikasirika," alisema. "Lakini tangu ukuta ule uwashwe, huyu ndiye wa kwanza kutoka huku juu kushuka kuutazama. Mwacheni aendelee na kazi. Ila asifute kitu tena bila kushuka ngazi."

Miwani ya meneja ilikuwa bado iko usoni, na Fagio aliikodolea macho miwani hiyo kama mkulima anavyolikodolea wingu. Haikuvuliwa. "Umesikia sharti," meneja alimwambia. "Ndilo litakaloandikwa kwenye ajira yako. Programu inabaki." Akafungua ajenda kana kwamba hajasema lolote, na mhasibu akamsukumia Fagio sahani ya mikate chini chini, upande wenye kipande kikubwa.

Siku iliyofuata Fagio alianza kushuka ngazi. Alizunguka kiwanda kizima akitafuta skrini zilizosahauliwa, moja baada ya nyingine: stoo ya unga, chumba cha mafundi, mpaka jikoni kwa wafanyakazi. Kila alipokuta moja aliuliza nani anaitazama, na jina la anayeitazama ndilo aliloliandika kuwa mwenyewe. Mwisho alifika kwenye kibanda cha mlinzi getini. Juu ya rafu, kando ya redio, palikuwa na skrini ndogo inayoonyesha duara kubwa la rangi sita likizunguka polepole. Fagio alilitambua: joto la matanuri, tena ya zamani, yaliyokwishaondolewa.

Alimwuliza mlinzi kama anaitumia.

"Siitumii," mlinzi alisema. "Naipenda."

Fagio aliitazama kwa muda. Kanuni zake zote zilimwambia futa. Akavuta stuli, akaketi, akafungua kompyuta na kuanza kuandika.

"Jina lako kamili ni nani, mzee wangu?" aliuliza. "Nataka nikuandikishe iwe yako."